Sakafu za mbao Mwanza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Watu wakisikia kazi yangu ni sakafu za mbao huuliza kama bado zipo hapa mjini. Zipo. Nyingine zimefunikwa na mazulia kwenye nyumba za zamani za Isamilo na Capri Point, nyingine ziko vyumba vya juu vya nyumba mpya zilizojengwa juu ya mawe, na nyingine ni vibaraza vinavyotazama ziwa kule Luchelele na Igombe. Simu zenyewe zina msimu wake: Juni na Julai watu wanalalamikia mianya, Machi hadi Mei wanalalamikia mbao zilizoinuka. Nimeandika maswali kama ninavyoulizwa, na majibu kama ninavyoyatoa nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya mteja.

Fundi, sakafu imekuwa nyeusi na inakwaruza miguu. Si bora niing'oe niweke marumaru?

Subiri kwanza. Mara nyingi kilichokufa ni vanishi, mbao yenyewe bado ina uhai. Chukua kisu kidogo uchokoe kwenye kona isiyoonekana. Kisu kikigoma baada ya kuingia kidogo, mbao ni nzima. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, pameoza. Lakini hata uozo una mipaka yake: karibu na mlango wa bafu, chini ya dirisha linalovuja, pembeni mwa ukuta. Huwezi kung'oa chumba kizima kwa ajili ya mita mbili za mraba.

Mzee mmoja wa Isamilo aliniita nimng'olee vipande vya mbao sebuleni. Maboksi ya marumaru yalikuwa yamepangwa tayari kwenye korido. Nikamwomba ruhusa nipige msasa mita moja tu, pale mlangoni. Ikatokea mninga, rangi ya asali yenye mistari ya kahawia. Akavuta kiti akakaa anaitazama, hakusema kitu. Jioni yake alimpigia jirani simu kumuuzia marumaru.

Nitajuaje kama yangu ni mbao kweli?

Tafuta mahali unapoweza kuiona kwa ubavu: kwenye kizingiti cha mlango, au toa kipande cha skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Mbao halisi ina nyuzi zilezile kuanzia juu hadi chini. Kama juu kuna karatasi yenye picha ya mbao na chini kuna kitu kama kadibodi ngumu ya kahawia, hiyo ni lamineti. Haipigwi msasa hata siku moja, kwa sababu utakachokuwa unafuta ni picha. Kipo na cha katikati, chenye ngozi ya mbao halisi juu na plaiwudi chini. Ngozi ikiwa ya milimita 2, msasa mmoja mwepesi ndio mwisho wake. Ikifika milimita 4 au zaidi, ina maisha mawili matatu.

Kingo za mbao zimeinuka na katikati pamebonyea. Nipige msasa zikae sawa?

Hapana, ingawa najua jibu hili halipendwi. Mbao iliyokaa kama mtumbwi inakuambia kwamba upande wake wa chini umelowa kuliko wa juu. Chini imevimba, juu imebaki ilivyokuwa, basi kingo zinanyanyuka. Ukipiga msasa sasa unakata kingo hizo. Miezi michache baadaye chini pakikauka, mbao inarudi kunyooka, na kwa kuwa kingo umeshazila, katikati panabaki nundu: mtumbwi uliopinduliwa. Ukarabati wa makosa ya namna hii umenilipia ada nyingi za shule, na dawa yake ni kupiga msasa upya, yaani kuipunguza mbao mara mbili kwa kosa moja.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mashine, tafuta maji yanatoka wapi. Hapa kwetu kuna chanzo ambacho mafundi wanaotoka kwingine hukisahau. Mwanza tumejenga juu ya mawe. Mvua ikipiga kilimani, maji hayawezi kuzama ndani ya jiwe, yanashuka na mgongo wake mpaka yakutane na msingi wa nyumba yako. Yakifika yanajikusanya chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, na zege linayanyonya taratibu. Paa zima, mabomba mazima, na bado sakafu inalowa kutoka chini. Utalitambua hili kwa mambo mawili: mbao zinazoinuka ziko upande wa mlimani, na huanza siku kadhaa baada ya mvua kubwa, wala si siku ileile. Dawa haiko ndani ya nyumba. Chimba mtaro upande wa juu, ushuke chini zaidi ya usawa wa jamvi, weka bomba lenye matundu, jaza kokoto, kisha yaelekeze maji pembeni mwa nyumba. Ni kazi ya siku mbili tatu za sururu. Bila hiyo unapaka vanishi juu ya kisima.

Ukiona ni upande mwingine, shuku bomba. Usiku funga mabomba yote, andika namba za mita ya maji, asubuhi zisome tena kabla mtu hajafungua hata moja. Zikiwa zimesogea, kuna mvujo ukutani au ardhini. Halafu angalia friji, maji ya kiyoyozi, na beseni la maua ambalo mama anamwagilia kila jioni kwa upendo mkubwa.

Ukishakata chanzo, kaa utulie. Toa zulia, fungua madirisha mchana, weka feni ipulize sakafuni. Mbao nyingi hurudi zenyewe ndani ya wiki kadhaa, nyingine zinangoja kiangazi. Zikishatulia mwezi mzima bila kubadilika, hapo niite na mashine.

Walio ukingoni kabisa mwa maji wanakumbuka mwaka 2020, ziwa lilipopanda likaingia viwanjani. Kwenye nyumba ya namna hiyo siweki mbao juu ya zege la chini. Nitaiweka juu ya boriti zilizoinuliwa na hewa ipite chini yake, au nitakushauri uweke saruji nzuri.

Kila Juni mianya inafunguka kati ya mbao. Fundi aliyejenga aliniibia?

Pengine hakukuibia. Mbao hupungua na kutanuka kwa upana wake, kwa urefu karibu haisogei. Ubao mgumu wa kawaida wenye upana wa milimita 100 ukipoteza unyevu wa asilimia 4, unapungua upana kama milimita 1. Mninga husogea kidogo kuliko mbao nyingi, ndiyo maana maseremala wanaupenda. Mwanya wa Juni unaofunga mvua zikirudi, uache. Ukiujaza kiangazi kwa puti ngumu, Novemba mbao zikivimba zitaitema hiyo puti, au zitasukumana ziinuke.

Wa kuziba ni mwanya unaobaki wazi hata mwezi Aprili. Mafundi wa mitumbwi wanajua kazi hii: wanakalafati kwa pamba, kitu laini kinachokubali kubanwa na kuachiwa. Kwenye sakafu mimi hutumia kamba ya katani. Naichovya kwenye rangi ya mbao inayofanana na sakafu, naiacha ikauke, naisokota, naishindilia kwa patasi butu mpaka ishuke kidogo chini ya uso. Kwa mwanya mpana zaidi nachonga ufito wa mbao ileile na kuupaka gundi upande mmoja tu. Ukipaka pande zote mbili umeunganisha mbao mbili kuwa moja, na mwanya utahamia kwa jirani ukiwa mara mbili.

Sakafu inalia usiku, watoto wanaogopa.

Huo mlio ni mbao inayopanda na kushuka kwenye msumari uliolegea, au mbao mbili zinazosuguana. Mtu mmoja atembee, mwingine aweke sikio chini na chaki mkononi. Kama mbao ziko juu ya boriti, fuata mstari wa misumari, hapo ndipo boriti ilipo. Toboa tundu dogo kwanza, kaza skrubu, zamisha kichwa, ziba. Usiongeze msumari mwingine karibu na ule uliolegea, utalegea nao. Kama ni kusuguana tu, nyunyiza poda ya mtoto kwenye kiungio na uifagie iingie. Inanyamaza kwa miezi kadhaa, na haina gharama.

Ukiwa na sakafu ya kuning'inia, yaani iliyo juu ya boriti na chini yake wazi, zunguka nje uangalie matundu ya hewa chini ya ukuta. Watu huyaziba kwa saruji kwa hofu ya nyoka na panya. Hofu ni ya haki, lakini boriti zinaoza kwa kukosa hewa. Weka wavu mwembamba wa chuma badala ya saruji.

Vipande vidogo vya mbao vimebanduka kwenye zege, chini kuna kitu cheusi.

Hiyo ni gundi ya lami ya zamani. Imekauka, imekuwa kama biskuti. Baadhi ya gundi nyeusi za miaka hiyo zilichanganywa na asbesto, kwa hiyo usiisage na mashine wala kuipiga msasa ikiwa kavu. Kwangua kwa mkono ile iliyolegea tu, ukiwa umeilowanisha kidogo na umevaa barakoa nzuri, iliyoshika iache ilale. Gundi nyingi mpya zenye asili ya maji hazishiki juu ya lami, uliza dukani gundi inayoandikwa kuwa inaikubali.

Kila kipande kipe namba kwa nyuma kabla hujakitoa. Nimewahi kuona kijana mwenye bidii akivikusanya vyote kwenye karai. Jioni ilibidi tucheze bao na vipande mia tatu.

Nina mchwa. Jirani kaniambia nipake oili chafu.

Oili chafu ya gari inanuka, inachafua, na mbao iliyoinywa haitashika vanishi tena. Ukipaka juu yake inavimba mapovu na kubanduka. Kwenye nguzo ya uzio sina ugomvi nayo sana, ila ndani ya nyumba ya kulala watu, hapana.

Mchwa hutoka ardhini na hujenga vijia vya udongo ukutani na kwenye msingi. Kuvivunja kunawachelewesha tu. Kinachowaondoa ni dawa ya ardhi iliyopigwa kuzunguka msingi na mtu aliyefundishwa, pamoja na kuondoa mabaki ya mbao na maboksi yaliyorundikwa ukutani. Mbao mpya za sehemu zisizoonekana zipakwe dawa yenye boraksi kabla ya kufungwa.

Kama hakuna udongo bali kuna vitundu vidogo na unga laini kama unga wa sembe, huyo ni mdudu mwingine anayebungua mbao kutoka ndani, na anapenda ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Fagia unga wote, tandika karatasi nyeusi, rudi baada ya wiki. Pakiwa pasafi, vitundu ni vya zamani, mwenyewe alishaondoka.

Ninunue mbao gani?

Kwa sakafu ninayotaka wajukuu waikute, mninga au mkongo. Mninga mwingi unaofika huku unatoka upande wa Tabora na Katavi. Ni mtulivu, unakatika vizuri, ila vumbi lake linawasha pua na wengine linawabana kifua. Mkongo ni mgumu zaidi. Una rangi ya njano ndani ya vinyweleo vyake ambayo ikilowa inachafua nguo nyeupe, kwa hiyo usianike shuka sakafuni kabla ya vanishi. Mvule nao ni imara, unaanza njano na kugeuka kahawia kwa mwanga, na ndani yake mara nyingine kuna chembe ngumu kama jiwe zinazoua meno ya msumeno. Fundi akikulipisha zaidi kwa mvule, huenda hakudanganyi. Msaji una mafuta yake ya asili: ufute kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka, la sivyo vanishi itateleza.

Paini ndiyo rahisi kupatikana. Ipo ya Sao Hill, na hapa kanda ya ziwa kuna mashamba ya serikali kama Buhindi Sengerema na Rubya kule Ukerewe. Ni laini, kisigino kikali kinaacha alama. Chumbani inafaa, sebuleni utalalamika. Na tafadhali usilazimishe paini ifanane na mninga kwa rangi nyeusi: hunywa rangi kwa mabaka, na itaonekana kama ina ukurutu.

Popote unaponunua, dai risiti na uliza hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa ikiwa juu ya gari lako.

Muuzaji anasema mbao imekauka. Nimwamini?

Mwamini, kisha pima. Kwa nyumba zetu zisizo na kiyoyozi nataka unyevu wa asilimia 10 hadi 14. Kama huna kipima unyevu, oveni na mzani mdogo wa jikoni vinatosha. Kata kipande katikati ya ubao, maana ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, kipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kipande cha gramu 226 kikishuka hadi 200, unyevu ulikuwa asilimia 13. Kikishuka hadi 170, unyevu ulikuwa 33: hiyo ni mbao iliyokuwa mti juzi.

Hata iliyokauka vizuri ilaze kwanza ndani ya chumba chenyewe wiki mbili, ikiwa imepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Nyumba iwe na madirisha na plasta iwe imekauka.

Zege limemwagwa mwezi uliopita. Tuendelee?

Hesabu ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na masika huongeza. Jamvi la inchi 4 si la mwezi mmoja. Gandisha nailoni ya nusu mita kwa nusu mita kwa utepe pande zote, iache saa 24. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, rudi mwezi ujao. Kisha acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya mbao na kila ukuta, skatingi itaificha. Mafundi wa marumaru wana mkono mwepesi wa kuijaza saruji nafasi hiyo, simama karibu nao.

Naweza kupiga msasa mwenyewe?

Chumba kimoja cha kulala, ndiyo. Sebule kubwa yenye mwanga wa dirisha la ziwani, mwite mtu, kwa sababu mwanga wa jua la jioni unaonyesha kila wimbi.

Anza kwa kuzamisha vichwa vya misumari yote, mmoja tu ukibaki juu unachana msasa na kuharibu roli la mashine linalozungusha msasa. Ondoa nta. Nyumba nyingi sakafu ilipakwa nta nyekundu ya saruji miaka na miaka, na nta hiyo ikipata joto la mashine inayeyuka, inajaza msasa, na mabaki yake hukataa vanishi. Isugue kwanza kwa tambara lenye spiriti ya rangi, ukibadilisha tambara mara kwa mara, madirisha wazi na jiko limezimwa.

Kisha msasa namba 40, halafu 60, 80, umalizie 120. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Anayeruka kutoka 40 kwenda 120 atajiona mjanja mpaka atakapopaka vanishi, maana vanishi huonyesha yote. Fuata nyuzi za mbao. Kwa vipande vilivyopangwa huku na huku, pita mshazari kwanza, kisha mshazari wa upande wa pili, umalizie kwa msasa laini sambamba na dirisha. Mashine isisimame sehemu moja ikiwa inazunguka hata kwa sekunde mbili. Umeme ukikatika ghafla, na unakatika, inyanyue kabla haujarudi. Nina shimo la umbo la roli kwenye nyumba moja Nyegezi, limefunikwa na kabati, na mwenye nyumba analijua.

Kila msasa kamili unakula kama nusu milimita hadi milimita moja. Mbao za ulimi na mfereji, zile ambazo ukingo wa moja huingia ndani ya nyingine, zina milimita 5 au 6 tu juu ya ulimi, kwa hiyo usipige kwa kujifurahisha. Vanishi ikiwa imefifia bila kuisha, kwangua kidogo kwa msasa wa 150 na uongeze koti moja. Ukifanya hivyo kila miaka mitatu hadi mitano, mashine kubwa unaweza usiione tena.

Vumbi usililaze ndani ya mfuko wa mashine usiku kucha. Limwage nje kwenye chombo cha chuma.

Vanishi ipi, na kiasi gani?

Klia ya makabati, ile vanishi isiyo na rangi, usipake sakafuni. Inang'aa vizuri siku ya kwanza, ni nyembamba na inavunjika chini ya miguu. Vanishi ya boti nayo watu wa huku huikimbilia wakidhani kinachozuia maji ya ziwa kitazuia kila kitu. Imetengenezwa iwe laini ili ifuatane na mbao ya juani, na sakafuni hukwaruzika haraka. Chukua poliyurethani iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu. Ya mafuta inaipa mbao rangi ya joto, inanuka, na unangoja siku nzima kati ya koti. Ya maji haibadilishi rangi sana, inakauka kwa saa chache, bei yake iko juu. Mimi kwa mninga hupaka ya mafuta, kwa paini ya maji ili isigeuke njano.

Lita moja hupaka mita za mraba 10 hivi kwa koti moja. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita 16, basi koti tatu ni kama lita 5. Kati ya koti sugua kwa msasa wa 220, futa vumbi. Usichague ya kung'aa kama kioo kwa nyumba yenye watoto, iliyofifia huficha mikwaruzo.

Wanaopenda mafuta ya linsidi wana haki yao, sakafu inakuwa nzuri na ukarabati wake ni rahisi. Lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa kwenye kona hupata joto yenyewe na kuwaka, hata bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke mojamoja au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Tutarudi kulala lini?

Kwa vanishi ya mafuta, soksi baada ya saa 24, fanicha baada ya siku nne hivi, zulia baada ya wiki mbili au zaidi. Kama kuna mtoto mchanga, mjamzito au mwenye pumu, wahamie kwa ndugu mpaka harufu iishe.

Tunapiga deki kila asubuhi. Kuna ubaya?

Hapa ndipo sakafu nyingi zinapofia. Deki ya kwetu ni ndoo ya maji, sabuni ya unga, tambara linalochuruzika, na mara nyingine maji yanamwagwa kabisa yasukumwe nje mlangoni. Kwenye saruji ni usafi. Kwenye mbao maji yanaingia kwenye viungio, vanishi inabanduka kingoni, halafu mbao inageuka nyeusi. Sabuni ya unga ni kali, inaua mng'ao, na klorini ni mbaya zaidi.

Fagia kila siku kwa ufagio laini, kwa sababu mchanga ndio msasa wa bure. Mara moja kwa wiki futa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisitoe tone, maji yakiwa na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache tu. Sakafu iwe kavu ndani ya dakika mbili. Mweleze dada wa nyumbani kwa kumwonyesha mwenyewe mara moja, maana mara nyingi analaumiwa kwa deki aliyofundishwa na mama mwenye nyumba. Viatu vibaki mlangoni, kama tulivyolelewa.

Ukitaka kujua kama vanishi bado ina kazi, dondosha tone la maji. Likikaa kama lulu, hujambo. Likinywewa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika chache, ongeza koti kabla ya masika.

Madoa je?

Doa jeupe la sufuria ya moto liko kwenye vanishi, halijafika kwenye mbao. Weka kitambaa kikavu, pitisha pasi ya vuguvugu sekunde chache, tazama, rudia. Jeusi karibu na msumari ni chuma kilichokutana na maji na tindikali ya mbao: linatoka kwa asidi ya oksaliki baada ya kuondoa vanishi. Vaa glavu, suuza vizuri, na watoto wasiwe karibu, kwa sababu ni sumu. Alama ya cheche ya jiko la mkaa ikwangue kwa wembe mpaka uone mbao safi, jaza, gusia vanishi.

Miguu ya viti niiwekee vipande vya kandambili?

Usiweke. Mpira mwingi huacha doa la njano au jeusi kwenye vanishi ambalo halitoki. Kata blanketi kuukuu la sufu, gundisha chini ya mguu, badilisha likijaa mchanga.

Usiku baada ya kupaka, vijidudu vya ziwani vimeganda kwenye vanishi. Kazi imeharibika?

Haijaharibika, tulia. Wale wanaoinuka ziwani kama moshi hufuata taa, na sakafu mbichi inayong'aa chini ya balbu ni mwaliko. Usiwachomoe vanishi ikiwa mbichi, kila kidole kitaacha shimo. Acha ikauke kabisa, pitisha msasa wa 220 mpaka mabawa yaondoke, futa, paka koti ya mwisho.

Safari hii anza saa tatu asubuhi, umande ukishaondoka na upepo wa mchana haujaleta vumbi, na umalize mapema. Jioni funga madirisha yote upande wa ziwa na uzime taa za nyumba nzima, hata ya kibarazani. Nina mteja Capri Point ambaye kila nikimpakia sakafu familia yake hula chakula cha usiku gizani kwa mwanga wa simu. Watoto wake huniuliza nitarudi lini.